Mdomo wa Martini

Picha ilikatika Martini akiwa ameachama mdomo.

Yusta alikuwa amesimama mlangoni, sanduku mkononi, basi la kumrudisha kijijini kwao linanguruma nje. Martini, jirani aliyemzibia paa na kumtengenezea bomba bila kumwambia neno moja la maana, hatimaye alimeza mate, akafungua mdomo, na kioo kikawa cheusi. Banda la video la Bonifasi, pale Ujiji, likanyamaza lote. Kisha Selestini, nahodha wa boti ya dagaa, mtu asiyejua kunong'ona, akauliza ni nani amekanyaga waya.

Hakuna aliyekanyaga waya. CD ilikuwa imekwisha, na baada yake hapakuwa na nyingine.

Watu wakageuka nyuma kumtazama Hamdani. Yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kuwatia Wamarekani Kiswahili mdomoni. Majina ya Yusta na Martini aliwapa yeye, maana yale ya kwao yalimshinda ulimi. Na tusifichane: Kiingereza cha Hamdani kilikuwa cha kuombea maji. Alichokisikia alikitafsiri, asichokisikia alikitunga, na kwa kuwa alisikia kidogo, alitunga sana. Chini ya picha yalipita maandishi ya manjano, ya Kifaransa, kwa sababu CD zenyewe zilipitia Bujumbura. Lakini vichwa vya wavuvi viliyaziba, na hata yasingezibwa, nani pale angeyasoma?

"Mwezi ujao tutajua," Hamdani alisema kwa ile sauti yake nzito ya kazini, na watu wakaamini.

Biashara ile ilikwenda na mwezi. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa za karabai. Mbalamwezi ikijaa, dagaa hutawanyika, boti huvutwa mchangani, na wavuvi hubaki na mchana mrefu usio na kazi. Hao ndio waliojaza banda. Kila mbalamwezi walipata kipande chao cha Yusta, kisha wakarudi ziwani wakibishana juu yake kama vile ni binti wa mjumbe wao.

Mwanamke aliyefika kila siku alikuwa mmoja tu. Merina alivuka ziwa kutoka Uvira vita vilipochachamaa, akapanga chumba Katubuka, akaweka cherehani yake kwenye baraza moja Kasingirima na kushona vitenge. Bandani alikaa benchi la mbele kabisa, pale ambapo shingo huuma na watu wengine hawapataki. Picha ikiisha, Hamdani alimsindikiza hadi kwenye kona ya baraza lake, kimya kimya. Ndivyo alivyokuwa. Mpe kipaza sauti, atakuliza. Mnyang'anye, anabaki mtu wa "sawa" na "haya".

Siku ile picha ilipokatika, Merina alisimama pale kwenye kona, kitenge begani.

"Kaka Hamdani, wanasema kwetu kumetulia. Meli inarudisha batu kila wiki. Miye nimeandikisha jina kule kambi ya wakimbizi, lakini roho haijaamua. Wewe unaonaje, niende ao nibaki?"

Moyo ulimpiga teke. Alitaka kusema baki. Neno hilo alikuwa nalo tangu siku ya kwanza alipomwona akikata uzi kwa meno, na lilikuwa limekaa kooni hadi likaota mizizi. Akafungua mdomo.

"Mambo hayo ni mtu na moyo wake, dada," alisema.

Merina alimtazama kidogo. "Haya. Basi nitangoja nione Martini atamwambia Yusta nini. Akimwambia aende, na miye nitaenda. Akimwambia abaki, nitabaki."

Hamdani alirudi bandani kichwa kikimzunguka. Mtu mzima, aliyevuka ziwa akiwa amebeba cherehani mgongoni, anaamua maisha yake kwa picha? Lakini alikuwa amesema hivyo, tena hakucheka. Kwa hiyo Merina kukaa au kuondoka kulitegemea CD moja ambayo haijafika, na Hamdani akaanza kuingoja kama mgonjwa anavyongoja majibu.

CD haikufika. Mbalamwezi ikaja, Bonifasi akapiga simu Bujumbura, na jibu likarudi kwamba kipande hicho hakijatengenezwa. Kwa nini hakijatengenezwa? Mtu wa Bujumbura hakujua. Alisema amesikia kuna ugomvi.

Hamdani akaenda kwa Joanitha. Huyu alikuwa muuguzi, mwenyeji wa Bukoba aliyepangiwa kazi Kigoma, na alipanga nyumba moja na Merina. Jioni zake alizimalizia kwenye duka la intaneti mjini, akisoma habari za dunia nzima. Alimkalisha Hamdani kando yake mbele ya kompyuta, akatafuta, akasoma, akatikisa kichwa.

"Waandishi wa picha wamegoma, kaka Hamdani. Marekani nzima."

"Waandishi gani tena?"

"Wanaoandika maneno. Ulidhani wale wanasema yanayowajia?"

Hamdani ndivyo alivyodhani, ila hakuona haja ya kulisema.

"Siku hizi watu wanaangalia picha zao humu humu, kwenye mtandao," Joanitha aliendelea. "Wenye makampuni wanavuna, walioandika hawaambulii kitu. Basi wameweka kalamu chini, wanazunguka barabarani na mabango. Wanasema maneno ni yao, na bila wao hakuna atakayefungua mdomo."

Hamdani alimwona Martini, mdomo wazi, akingoja.

"Hata wewe umo humu," Joanitha alisema. Akabonyeza, wakangoja kwa muda mrefu kama unavyongoja chungu cha maharage, kisha ikatoka sauti, imekwaruza lakini ni yenyewe: sauti ya Hamdani, ikimlilia Yusta. Mtu fulani alimrekodi bandani kwa simu, akamtumia ndugu yake aliyechukuliwa kambini kwenda kuishi Norwe, na huyo akaitia mtandaoni. Hamdani alijishika koo, kama mtu aliyeambiwa ameonekana mahali ambako hajawahi kufika.

"Jina langu wameliandika?"

"Hapana. Wameandika 'Yusta kwa Kiswahili', basi."

Aliingia pale na swali moja, akatoka na matatu. Kama maneno ni ya wale waliogoma, yeye ana haki gani ya kumsemea Martini wakati wenyewe wamekataa? Kama ni yake, mbona hayana jina lake? Na kama ni yake kweli, mbona yanamkwama kwenye kona ya Kasingirima?

Kuwaeleza wavuvi ilikuwa kazi nyingine.

"Ngoja kwanza," alisema Selestini. "Unasema kuna mtu anamwandikia Yusta la kusema?"

"Ndiyo."

"Na mtu huyo amegoma."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini Yusta asiseme lake mwenyewe? Sanduku analo, mlango uko wazi. Mtu amegoma Marekani, mama wa watu anasimamishwa mlangoni mwezi mzima?"

Wengine walisema ni uongo. Picha ipo, Bonifasi ameificha ili watu waje tena. Mmoja akagundua jambo lililowaridhisha wengi: aliyegoma ni Hamdani. Si ndiye anayesema maneno? Si maneno ndiyo yamegoma? Basi wakamwendea Bonifasi kumwombea Hamdani aongezewe posho. Bonifasi akamjia Hamdani juu, akitaka kujua kama ameanzisha chama. Hamdani alikana. Kadiri alivyokana ndivyo wavuvi walivyompa heko kwa msimamo wake.

"Jumamosi utaimaliza hiyo hadithi," Bonifasi alisema, "la sivyo naweka karate, na karate haihitaji mkalimani."

Wiki hiyo hiyo jina la Merina lilitoka. Alipangiwa meli ya Jumanne.

Hamdani alikuwa na siku chache za kujipa moyo, na kweli alijipa. Wenyewe wamegoma, alijiambia, na aliyegoma hana haki ya kumnyima mtu mwingine riziki. Atasema baki. Atamtia Martini neno moja tu mdomoni, na neno hilo litamweka Merina Kasingirima na cherehani yake. Alifanya mazoezi akioga.

Jumamosi banda lilifurika hadi mlangoni. Bonifasi alirudisha CD ile ile ya zamani, na ilipofika pale pa mdomo akaigandisha. Martini akabaki ameachama. Yusta akabaki na sanduku.

Hamdani aliinua kipaza sauti. Mbele kabisa, chini ya kioo, aliona kisogo cha Merina na kilemba kipya, kimefungwa vizuri kama cha mtu aliyekuja kusikiliza hukumu. Ndipo haya ikamwingia, haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Mwanamke huyu anaamini. Amekuja kuuliza kwa moyo mweupe, nami nataka kumjibu kwa manufaa yangu nikiwa nimejificha ndani ya mdomo wa Mzungu. Huo ni wizi, aliwaza, wizi mbaya kuliko wa kuku.

"Nenda, Yusta," alisema. Sauti ilitoka nzito na nzuri kuliko alivyotaka. "Nenda kwenu. Nani asiyependa kwao? Mimi ni jirani tu. Paa nilikuzibia usinyeshewe, sikukuzibia ili nikudai. Nenda, usigeuke nyuma."

Aliendelea hivyo kwa muda, na yeye mwenyewe machozi yakamtoka. Wavuvi walilia. Selestini alipenga kamasi kwa kishindo. Merina peke yake hakulia. Aligeuka, akaacha kuitazama picha, akamtazama yule aliyeshika kipaza sauti kule nyuma, kana kwamba anangoja aongeze kitu. Hamdani alidhani anamshukuru, akainamisha kichwa. Alipokiinua, benchi la mbele lilikuwa tupu.

Jumanne hakwenda bandarini. Aliogopa asije akamshika mkono na kuharibu wema wake wote. Alikaa bandani akifuta CD vumbi, akajiambia kwamba ametenda jambo la kiungwana, na akashangaa uungwana kuwa mchungu namna ile.

Mgomo uliisha. Waandishi walirudi kwenye kalamu zao, na masika yakiwa yameshika, CD mpya ikafika Ujiji ndani ya mfuko wa nailoni. Adhuhuri ya siku ya kuionyesha, watu hawajaingia, Joanitha alikuja bandani kwa mara ya kwanza, akasimama katikati ya mabenchi.

"Nilitaka nione mtu aliyemfukuza Merina anafananaje akiwa kazini," alisema.

"Sikumfukuza mimi. Alisema atafanya kama picha."

"Picha?" Joanitha alicheka bila furaha. "Kaka Hamdani, Merina alisomeshwa na masista. Kwao Uvira alikuwa mwalimu. Kifaransa anakisoma kama wewe unavyosoma bei ya sukari. Unadhani benchi la mbele alikuwa anatafuta nini?"

Hamdani aligeuka kulitazama benchi hilo.

"Alikuwa anarudi nyumbani anacheka hadi anashika mbavu. Alinihadithia, kwenye maandishi Martini ni mdogo wake Yusta. Tumbo moja. Kumpenda kimya kimya, kumzibia paa, yote uliyatia wewe. Anamzibia paa dada yake, kaka, apende nini tena? Akaniambia, 'Dada Joanitha, huyu mwanaume ananiposa kwa mdomo wa watu.' Alijua ni wewe unayesema, tangu mwanzo. Aliposikia wale wamegoma akafurahi, akasema sasa hana pa kujificha, atasema lake." Joanitha alikinyooshea kidole kipaza sauti. "Ukasema nenda. Usigeuke nyuma."

Alipoondoka, Hamdani alikwenda akaketi benchi la mbele. Bonifasi alikuwa akijaribu mitambo, na maandishi ya manjano yalipita juu ya macho yake, makubwa, wazi, hayajazibwa na kichwa cha mtu.

Wavuvi waliingia. Picha ikaanza pale pale ilipoachia, na Martini, aliyeachama miezi yote ile, hatimaye akasema. Alisema maneno machache ya Kiingereza na kumpa Yusta mwavuli. Banda zima likageuka nyuma kungoja Kiswahili chake.

"Nani ana simu ya kurekodi?" Hamdani aliuliza kwenye kipaza sauti.

Ziliinuliwa kadhaa. Ya Selestini ilikuwa juu kuliko zote.

"Merina," alisema Hamdani. Haikuwa sauti ya kazini. Ilikuwa ile nyembamba, ya "sawa" na "haya", na watu walioijua walishtuka kuisikia ikitoka spika zote mbili. "Huyu kwenye picha ni mdogo wake, hana la kumwambia zaidi ya mvua. Mwenye la kusema ni mimi. Mimi ni Hamdani wa Ujiji. Nilitaka kusema baki. Nilikuwa nalo mdomoni, nikaona haya, nikalimeza nikadhani ni wema. Baki, Merina. Na kama umeshafika, rudi."

"Merina ni nani?" mtu aliuliza gizani.

"Yusta amebadilishwa jina," mwingine akamjibu.

"Na Martini je? Si alishamwambia aende, tukalia?"

Hakuna aliyewaeleza. Picha iliendelea mbele yao kwa Kiingereza kitupu, Yusta akipanda basi au akishuka, hawakujua, na Bonifasi alikuwa ameshika kichwa. Selestini peke yake hakuitazama. Alikuwa bado ameinua simu.

"Keshokutwa tunavuka ng'ambo," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijaribu kunong'ona. "Hii nimpe nani?"

"Mpe kila mtu," alisema Hamdani. "Na itieni kule mtandaoni. Ila safari hii, andikeni jina langu."