Makreti Mawili Kwenye Barabara ya Kokoto

Pikapu ilikuwa bado haijaonekana, lakini mngurumo wake ulishafika. Kitinda akajifuta viganja kwenye sketi kwa mara nyingine, ingawa vilikuwa vikavu.

"Msikie huyo dereva," kaka yake akasema. "Kila shimo analisalimia. Hayo mayai yako yatafika yameshakaangwa."

"Na ngumi zako?"

"Ngumi haivunjiki, mdogo wangu. Ngumi ndiyo inayovunja."

Yalikuwa majina ya nyumbani tu. Ngumi ilikuwa nyanya ya Kaka: mviringo, ganda nene, mche hauugui ovyo na unazaa mpaka vigingi vya kuuegemeza vinapinda. Yai ilikuwa ya Kitinda: ndefu kidogo, nyekundu mpaka ndani, nzito mkononi. Msimu mzima walizilima bega kwa bega, mbolea ile ile, maji yale yale, kwa kuwa Baba alisema amechoka na maneno, anataka kuona. Shamba la bondeni, lenye bomba la maji, lilikuwa moja. Yule ambaye nyanya yake ingechaguliwa na mnunuzi ndiye angelilima. Mwingine angebaki na kipande cha juu, kwenye mawe, au amfanyie mwenzake kibarua. Kaka alishaanza kumwita Kitinda "mchumaji wangu".

Mnunuzi, ambaye soko zima lilimwita Mama Kreti, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha banda la kupangia. Asubuhi ile hakuwa amewaficha kitu.

"Kwa wingi, Ngumi imeshinda. Kwa rangi, kwa ladha, kwa kukaa mezani bila kulegea, Yai. Moyo wangu uko kwa Yai. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mbebaji ni mimi. Makreti mawili yaende machimboni, kwa wateja wangu, na kurudi, kila moja likandamizwe na kreti jingine juu. Yai ikirudi nzima, nanunua Yai. Isiporudi nzima, nanunua Ngumi. Nikishasema sirudi nyuma."

Pikapu ikaingia uani, nyeupe kwa vumbi. Makreti yakashushwa. Mama Kreti akaanza na la Ngumi: akazamisha mkono pembeni mpaka sakafuni mwa kreti, akaupapasa huku na huku, akautoa. Mkono mkavu.

Akahamia la Yai. Safu ya juu iling'aa kama haijasafiri. Mkono ukazama, ukatulia. Ulipotoka, mbegu zilikuwa zimemganda mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Supu!" Kaka akapiga makofi. "Leteni bakuli!"

Baba hakucheka. "Labda ni njia," alisema, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

Kitinda akapiga magoti. Akatoa nyanya moja moja, akizigeuza. Hakuna iliyopasuka. Zilikuwa zimetobolewa: vitundu vidogo, kana kwamba mtu kapita na msumari, na kila kitundu kilitazamana na kikonyo kigumu cha nyanya iliyo kando yake.

Ngumi ikichumwa huacha kikonyo kwenye mche. Yai huja nacho, na lazima uking'oe kwa kidole gumba kabla ya kupanga. Kila siku alikuwa aking'oa, na Kaka alishamsaidia mara nyingi. Lakini leo Baba alimpokonya kreti: "Kaoge, mama. Hili nalipanga mwenyewe." Alipanga kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho alishamfunga dirisha moja, na aliacha vikonyo kwa mapenzi yote. Enzi zake nyanya zilikwenda soko la karibu kwa kikapu kichwani, na kikonyo kibichi ndicho kilichomwambia mteja kwamba zimechumwa leo. Kikapu cha mzee huyu hakikuwahi kukaguliwa. Watu walilipa na kubeba.

Kumtaja mbele ya Mama Kreti? Afadhali mawe. Lakini mawe hayo angeyalima mpaka lini?

"Basi, kijana," Mama Kreti alisema akimgeukia Kaka, "tuongee kuhusu..."

"Mama, subiri!" Kitinda alisimama. "Naomba mzunguko mmoja tena. La Kaka alipanga Kaka, langu alipanga mwingine. Hapo tumelinganisha mikono. Kaka ayapange yote mawili, nyanya nyingine."

"Mkono wake mwenyewe, dhidi yako?"

"Mkono wake mwenyewe."

Mama Kreti akaitikia kwa kichwa. Kaka akacheka. "Mtu akitaka kuzama mara mbili, nani amzuie?"

Akachuchumaa. Ngumi alizimaliza upesi. Akavuta ndoo ya Yai. Ya kwanza, kidole gumba kikang'oa kikonyo, akailaza. Ya pili, kikang'oa. Ya tatu, kikang'oa. Halafu kidole kikasita hewani. Ya nne aliilaza na kikonyo chake. Ya tano vilevile.

Kitinda aliuma mdomo mpaka ukauma kweli.

"Kijana," Mama Kreti akauliza, "mbona za mwanzo umezinyonyoa na hizi unaziacha na mikia?"

"Nafuata alivyopanga Baba."

Neno likishatoka halirudi. Baba alinyoosha mkono taratibu, akapapasa zile tatu, kisha zile mbili. Akarudia. Akaingiza kidole kwenye kitundu cha moja ya nyanya zilizoharibika.

"Kumbe uliona," alisema. "Asubuhi. Ukanyamaza."

"Ningekukosoa vipi, Baba? Mtoto humkosoa mzazi?"

"Hukuninyamazia mimi. Ulinyamaza ili upate shamba."

Hata dereva alizima injini. Baba aliketi chini, akalivuta kreti katikati ya miguu yake. Akang'oa vikonyo, kimoja baada ya kingine, mpaka ndoo ikaisha. Hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Pikapu iliondoka tena. Safari hii hakuna aliyetania. Kaka alitazama barabara, Kitinda alimtazama Baba, Baba alitazama viganja vyake. Mngurumo ukapotea, ukakaa huko, ukarudi.

Mama Kreti alisogea, lakini Baba akamtangulia. Alizamisha mkono kwenye kreti la Yai mpaka kiwiko. Akapapasa kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne.

Mkono ulitoka mkavu.

"Nanunua Yai. Ila king'oe kila kikonyo, binti," Mama Kreti alimwambia Kitinda. "Nikikuta kimoja, nakuachia mzigo barabarani."

"Hutakikuta."

Kaka alichukua jembe, akaanza kuelekea juu, kwenye mawe. Alishafika getini Baba alipomwita, bila kugeuza kichwa.

"Kesho uje umsaidie mdogo wako kupanga. Wewe ulijisahau, ila kidole chako kinaijua kazi."