Taa Mbili za Madhabahu ya Lim

Hivi wewe umewahi kuona betri inayofanya kazi kila ikijaribiwa, ikagoma kila umeme unapokatika kweli?

Ya mzee Lim Bun-hiong, kule mjini Hualien, ilikuwa hivyo. Kilikuwa kisanduku cheusi kiasi cha ndoo ndogo, chini ya madhabahu ya wahenga, kilichonunuliwa ili mashine ya oksijeni ya mkewe, Siok-hun, isizimike. Juu yake Lim aliweka pakiti ya kijani ya bisi, kama wafanyavyo huko watu wote wenye mashine, ili kisinune. Lakini tufani ikiangusha nyaya, oksijeni ilinyamaza palepale. Mwezi wa nane Siok-hun alikufa hivyo, saa tisa alasiri, ameshika mpira wa hewa wa puani kwa vidole viwili.

Tangu hapo, kila umeme ulipokatika, alirudi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akaacha ndala nje, akaketi kwenye kiti chake. Alirudi na kifua kilekile, akihema. Lim hakuweza kuvumilia kumwona hivyo tena, akamwita tena fundi Ong.

Fundi alifika mdomo mwekundu kwa tambuu. Kwanza akasoma tarehe ya bisi.

"Hazijaisha muda. Basi si hizo."

Akachomoa waya wa kisanduku ukutani. Juu, taa mbili nyekundu za madhabahu ziliendelea kuwaka.

"Unaona, mzee? Kizima kuliko mimi."

"Ndivyo ulivyosema mara nne."

Mara zote nne walijaribu kwa taa hizo. Oksijeni waliichomeka ukutani kwanza. Nani amkatie mgonjwa hewa kwa ajili ya majaribio?

Fundi akarudisha waya. Mvua ikazidi, mtaa mzima ukazimika, Siok-hun akaingia.

"Karibu, shangazi," fundi akasema.

"Ong, bado unatafuna hayo? Utabaki na meno mawili."

"Mawili yanatosha kwa uji, shangazi."

Siok-hun akaketi, akavaa mpira wa hewa. Mashine kimya. Taa zinawaka. Fundi akafuata nyaya kwa kidole. Kwenye kisanduku, matundu mawili ya plagi ya kushoto yalilishwa na betri; ya kulia yalipata umeme wa ukutani tu. Taa zilikuwa kushoto. Oksijeni ilikuwa kulia.

"Nani alichomeka hivi?"

"Mimi," Lim akasema. "Mama alipokuwa anakata roho aliniambia taa zake zisizimike hata dakika moja."

"Betri ndogo hii, haibebi vyote. Nichomoe taa?"

Lim akatazama kibao cha madhabahuni chenye jina la mama yake.

"Acha, fundi. Mama yupo pale."

"Na shangazi yupo hapa."

Fundi akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akaaga wote wawili, akatoka.

"Ulikuwa unajua?" Lim akamuuliza mkewe.

"Miaka sita nililala nikizitazama zikiwaka."

"Mbona hukusema?"

"Mkaza mwana ataanzaje, mama mkwe anamtazama?"

Akavuta pumzi, ilikuja fupi. Akaingoja ya pili.

"Nilitaka uzizime," akasema. "Nilitaka siku moja tu mama akae gizani, mimi nipumue."