Mazishi ya Gari Langu Mwanamvua

Usiku wa jana niliota gari langu limefariki dunia na mimi ndiye mfiwa mkuu.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa kabla sijalala, maana ndoto haina adabu ya kueleza. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Morogoro. Mwanamvua ni gari langu la miaka mingi, lenye buti refu linalomeza sufuria mbili kubwa za pilau na mwiko juu yake. Mwezi uliopita lilizimika njiani, pilau ikafika harusini wageni wakiwa wameshashiba karanga. Jumamosi hii nina harusi nyingine Kilosa, na nikichelewa tena hakuna atakayeniita hata kuchemsha chai. Mume wangu, Baba Tausi, anasema tuuze, tuchukue gari jipya. Fundi Mkude anasema tubadilishe injini, litatembea. Mnunuzi alishakuja kulikagua, na alikuwa arudi asubuhi kulichukua. Nikalala bila jibu, tena kwa hasira, kwa sababu Baba Tausi alianza kukoroma kabla hatujamaliza kubishana.

Basi nimekaa kwenye mkeka, uani kwenye gereji ya Fundi Mkude, kanga kichwani. Watu wananipa pole. Mwanamvua amelazwa katikati, amefunikwa turubai, tairi zinatokeza. Tairi moja imevaa soksi.

"Amekufa saa ngapi?" nauliza.

"Hajafa rasmi," anasema Fundi Mkude. "Tunamsubiri Nusu."

Nusu anafika. Ni mtu nusu: jicho moja, bega moja, mguu mmoja wenye kiatu kilichopigwa rangi vizuri. Amevaa nusu ya suti.

"Habari za," anasema. Tunasubiri, kumbe salamu imekwisha.

"Nusu yako nyingine iko wapi?" namuuliza.

"Dodoma, kikazi."

Sheria yake ni moja. Matengenezo yakizidi nusu ya gari, gari linazikwa. Amekuja na mizani ya nyanya kutoka sokoni. Upande mmoja anamweka Mwanamvua mzima, naye anaenea vizuri tu, wala hakuna anayeshangaa. Upande wa pili Fundi Mkude anaweka magonjwa: injini, rejeta, gasketi, na ile kelele ya mlango wa nyuma. Kelele ndiyo nzito kuliko vyote, inabebwa na wanaume wawili. Upande wa magonjwa unashuka mpaka chini.

"Zika," anasema Nusu. Anaondoka kwa kurukaruka na kuacha nusu ya chai yake.

Nataka kulia, lakini mkeka umeshakuwa ukumbi wa harusi, wenye mapambo ya zambarau, na pale ambapo ingewekwa keki pana kaburi. Limechimbwa kwa mwiko wangu. Bado una ukoko wa pilau.

Fundi Mkude anasimama kusoma wasifu. Amevaa ovaroli jeusi la msiba.

"Marehemu Mwanamvua alizaliwa Japani," anasema, "akaja kwetu akiwa mtumba, akapokelewa na Mama Tausi siku ya mvua kubwa. Katika uhai wake alihudumia harusi na misiba bila kubagua. Baadaye alianza kusumbuliwa na rejeta, akaletwa kwangu, akapata nafuu. Akasumbuliwa tena, akapelekwa na mume wa Mama Tausi kwa fundi mwingine ambaye sitamtaja. Huko ndiko hali ilikobadilika."

Ukumbi mzima unamgeukia Baba Tausi. Yeye ameinama, anajifanya anafunga kamba za viatu. Amevaa kandambili.

Wakati huo gari jipya linaingia. Jeupe, plastiki bado ziko kwenye viti. Linapita moja kwa moja hadi mstari wa mbele, linakaa kwenye viti vya ndugu.

"Wewe ni nani?" nauliza.

"Mrithi."

"Marehemu hata hajashuka kaburini."

"Sina haraka," linasema. "Nina kamera ya nyuma."

"Unabeba sufuria ya pilau?"

"Nina kamera ya nyuma."

"Nimekuuliza sufuria."

Linafikiri. "Nitaiona vizuri sana," linasema, "ikiwa nyuma."

Namtazama Baba Tausi ili asikie mwenyewe, lakini bado yuko kwenye kamba zake. Wanaume wanamnyanyua Mwanamvua. Moyo wangu unauma kweli, sifichi. Wanakaribia shimo, na kengele inalia kutoka humo ndani.

"Hazikwi mtu hapa!"

Ni baiskeli ya Baba Tausi, ile nyeusi yenye pedeli moja. Imelala chali kaburini, magurudumu juu, inajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Huyo anafanya nini humo?" nauliza.

"Mtani," anasema Fundi Mkude. "Baiskeli na gari ni watani toka enzi. Ulikuwa hujui?"

Nilikuwa sijui, lakini mila yenyewe naijua. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atacheka, atatukana, atalala kaburini, atamwigiza marehemu mbele ya wanawe, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Ukimkasirikia mtani unatozwa faini. Kwa hiyo nafunga kanga vizuri na kutulia.

Baiskeli inapanda juu. "Tazameni marehemu alivyokuwa akiamka," inasema. "Ng'we, ng'we, ng'we, puu! Hiyo ndiyo salamu yake ya asubuhi. Na mlimani je? Hivi." Inatembea kinyumenyume hadi ukutani. Watu hoi. Sufuria zangu zinacheka mpaka vifuniko vinadondoka. Nusu amerudi, yuko mlangoni, anacheka upande mmoja.

"Na mama mwenye gari sasa!" Inajitwisha kitambaa cha meza, inabana sauti. "Mwanamvua mwanangu, waka basi, leo tu, usiniaibishe mbele ya mama wa bwana harusi!"

Hapo nacheka hata mimi. Ndivyo ninavyosema, neno kwa neno.

"Gari gani hili?" inaendelea. "Debe! Wanunuzi wa chuma chakavu watalishika kwa koleo. Tangu lije mjini halijafika popote!"

Nasimama. Najua sitakiwi kusimama, lakini miguu haikuniuliza.

"Halijafika popote? Ifakara limefika! Mikumi limekutana na tembo barabarani, likangoja kwa adabu mpaka bwana mkubwa akapita! Mama yangu limempeleka hospitali akiugua na kumrudisha akiimba! Baba Tausi alipokosa kazi, nani alitulisha? Wewe na pedeli yako moja? Koma kabisa, mnyororo mkavu wewe!"

Mapambo yameacha kupepea.

"Amekasirika," inasema baiskeli, kwa furaha kubwa.

"Amekasirika!" ukumbi mzima unaitikia.

"Ame," anasema Nusu.

Baiskeli na Fundi Mkude wananong'onezana pembeni. Halafu baiskeli inarudi na kujisimamisha kwenye stendi yake, mtu mzima kabisa.

"Faini ni hii. Mtu anayempigania marehemu namna hii bado hajafiwa. Mchukue Mwanamvua, urudi naye nyumbani, umtibu. Shimo lifukiwe."

"Na mizani yangu?" anauliza Nusu.

"Mila haipimwi kwa mizani ya nyanya."

"Na mimi?" linauliza gari jipya.

"Wewe rudi nyuma," inasema baiskeli. "Si una kamera?"

Vigelegele. Gari jipya linarudi nyuma taratibu, bila kugusa kiti hata kimoja. Haki yake tumpe. Baiskeli inamwendea Mwanamvua. "Mtani hatoki msibani mikono mitupu," inasema, na inamng'oa kioo cha pembeni, cha kulia. Chini ya turubai taa moja inawaka.

"Mwizi mkubwa," anasema Mwanamvua, kwa sauti ya mtu mwenye afya yake.

Nikaamka. Kumekucha, na getini mnunuzi anabisha hodi. Baba Tausi alikuwa ameshavaa shati, ufunguo mkononi. Nikatoka na kanga yangu ya kulalia, nikauchukua ufunguo.

"Haliuzwi."

"Mama Tausi, si tulishakubaliana jana?"

"Ulikubaliana na mto wako. Mpigie Fundi Mkude aje na hiyo injini leo hii. Jumamosi naenda Kilosa na Mwanamvua."

Nilisema hivyo na nikaona raha mwili mzima, raha ambayo sijaipata tangu hiyo pilau ilipochelewa. Baba Tausi alinitazama, akatazama gari, akakuna kichwa, akatoa simu. Nadhani hata yeye hakupenda kumwona Mwanamvua akiondoka.

Mnunuzi ndiye aliyekuwa bado anamzunguka Mwanamvua.

"Kuuza hamuuzi, sawa," akasema, "lakini jana nilipokuja kulikagua, kioo hiki cha kulia kilikuwepo."

Baba Tausi akaapa kwamba wezi wameingia. Akakimbilia nyuma ya nyumba kukagua ukuta. Mara nikamsikia akiniita, sauti imebadilika. Nikamfuata. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea banda la kuku kama kawaida, na kwenye usukani, upande wa kulia, kioo cha Mwanamvua kilikuwa kimefungwa vizuri, kikitutazama sote wawili.

Baba Tausi akanyoosha mkono kukifungua.

"Kiache," nikamwambia. "Hiyo ni haki yake. Sisi tutanunua kingine."