Nta Kwenye Filimbi ya Mama

Mpingo ni mti mkaidi mbele ya kamera. Ukiumulika unang'aa kama upara uliopakwa mafuta, usipoumulika unakuwa giza tupu, na mpiga picha anabaki kujilaumu kana kwamba yeye ndiye aliyeuotesha. Tangu asubuhi binti mmoja mpiga picha alikuwa ametandika shuka jeupe juu ya meza ya karakana ya baba yake, anaweka filimbi hii, anaondoa ile, anaisogeza upana wa kucha. Riziki yake ya kila siku ilikuwa picha za pasipoti na za harusi. Maharusi angalau ukiwaambia wageuze shingo, wanageuza.

Filimbi zenyewe zilikuwa nzuri hadi zinatia uchungu. Hakuna iliyofanana na mwenzake, kwa sababu baba yake hakutoboa tundu kabla ya kupima vidole vya mpulizaji. Mtaa mzima ulimwita Fundi Kipenga, jina alilolichukia kuliko alivyochukia mbao mbichi. Sasa shule moja ya muziki ilitaka kuona picha kwanza ndipo ichague, naye akakubali kwa shingo upande.

"Wanachagua filimbi kwa macho," alinung'unika. "Basi na mke wamchague kwa kusikiliza anavyokohoa."

"Baba!"

"Nini? Piga picha, mama, piga."

Lakini jicho la binti halikuwa kwenye filimbi za shule. Lilikuwa juu ya rafu, kwenye kitambaa cha kijani, alimolala filimbi wa marehemu mama yake. Maana nyumbani kwao filimbi ile ilitajwa kama mtu. Mama aliipuliza akiwa amesimama mlango wa nyuma, akisubiri sufuria ichemke. Watoto walikuwa wakiisikia popote walipo, wanaacha mchezo, wanaacha ugomvi, wanakwenda kula. Sasa binti alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake wawili, na bado kuna jioni alisimama jikoni kwake akitamani mtu amwite akale. Mtaani alishampiga picha kila mtu, hata mbuzi wa jirani, ila picha ya mama akiwa na filimbi mdomoni hakuwa nayo hata moja. Kinyozi hajinyoi, walimwambia watu. Maneno hayo hayakumsaidia kitu.

"Baba, naomba niipige picha ile ya mama. Moja tu, iwe yangu."

Fundi aliacha kusugua. Aliitazama rafu, mpaka binti akajutia kuuliza.

"Ipige," akasema mwishowe. "Ila usiipulize. Na nta usiiguse."

"Sitaigusa, baba."

Nta ya nyuki ilikuwa imeziba matundu yote, na ncha zote mbili pia. Binti aliiona hivyo tangu siku za msiba, akadhani ni kinga ya wadudu wanaokula mbao. Hakuwahi kuuliza. Waliowahi kuuliza habari za filimbi ile walijibiwa kwa kelele za randa.

Baba akaenda dukani kununua msasa, na binti akabaki peke yake na filimbi mkononi. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyokumbuka. Ukucha mmoja tu ungetosha kubandua ile nta, na mpulizo mmoja ungetosha kuisikia sauti ile tena. Moyo ulimwambia fanya, nani atajua? Akaumeza uchu wake, akailaza juu ya shuka. Alikuwa ameahidi, na ahadi ni deni.

Akaisogeza taa karibu. Ilikuwa taa ya kizamani, ya balbu kubwa, inayochoma kama pasi. Akainama, lenzi ikakaribia kabisa kugusa mti, na hapo akaona alichokuwa akikitafuta tangu asubuhi: mistari myembamba ya mpingo, na nta ikianza kung'aa juu ya kila tundu. Ilipendeza. Akasogeza taa zaidi. Akapiga, akapiga tena, hana hili wala lile, mpaka alipoona doa la njano likitambaa kwenye shuka jeupe.

Nta ilikuwa imeyeyuka. Matundu yalikuwa wazi.

"Zima taa," ilisema sauti ya baba mlangoni.

Aliichukua filimbi kwa mikono miwili, akaigeuza, akaitazama ndani, akaketi. Msasa ulimdondoka na hakuuokota.

"Nisamehe, baba. Sikuigusa, wallahi. Ni joto. Tutapaka nta nyingine, si ipo?"

"Nta ipo. Kilichokuwa ndani ndicho hakipo tena."

"Kitu gani?"

"Siku ile ya mwisho mama yako aliniomba filimbi. Nikampa. Kifua hakikuwa na nguvu, alipuliza mara moja tu, akaishiwa. Nikaitoa mdomoni mwake nikaiziba kabla haijapoa." Alikuwa anaongea na sakafu. "Nilijua ni upuuzi, mwanangu. Nikaiziba hivyo hivyo. Ilikuwa pumzi yake. Sikuwa na kingine cha kuweka."

Maji yakimwagika hayazoleki, na hii ilikuwa hewa. Binti alilia kwa sauti, bila kujificha. Alimlilia mama, akamlilia na huyu mzee aliyekaa na siri hiyo miaka yote, akijibu watu kwa randa kwa sababu aliogopa kuchekwa.

"Uso wako ulikuwa wapi?" baba akauliza ghafla.

"Lini?"

"Nta ilipofunguka."

Akamwonyesha: kamera hapa, pua hapa, nusura ajiunguze.

"Na ulikuwa unavuta pumzi?"

"Baba, nani asiyevuta pumzi?"

"Nakuuliza wewe."

"Nilikuwa navuta."

Fundi aliitazama filimbi, akamtazama binti yake. Akaanza kukwangua mabaki ya nta kwa ukucha, tundu moja baada ya jingine, bila haraka. Alipomaliza akaipangusa mdomo kwa kitambaa cha kijani, akamkabidhi.

"Basi umemvuta wewe," akasema. "Hajafika mbali. Puliza."

"Sijui wimbo hata mmoja."

"Nani kataka wimbo? Ziba matundu yote, puliza."

Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. "Taratibu," akasema baba, "huwashi mkaa." Mara ya pili sauti ikatoka, nene, yenye mtetemo kidogo, ikajaa karakana nzima. Fundi alipiga magoti mbele yake, akainamisha kichwa, akaweka shavu lake kwenye ncha ya chini ya filimbi, pale hewa inapotokea. Akafumba macho.

Binti aliishiwa pumzi, akanyamaza.

"Tena," akasema baba, shavu lake likiwa palepale.