Gari Lisilo na Hita

Shemeji yangu Verlin, mume wa dada yangu Nadine, ana kichekesho kimoja tu, na kila Krismasi hukileta mezani pamoja na bata mzinga. "Jamani, mnamjua mtu aliyenunua gari jipya kabisa, hapa hapa Ohio, Januari, theluji magotini, halafu akasema hita, ile ya kupasha joto ndani, hataki?" Kisha ananyoosha uma wake kunielekea mimi, Oleta. Watoto wake walikua wakikicheka, na sasa wajukuu wanakicheka. Mimi huomba nipitishiwe viazi.

Gari lenyewe ninalo mpaka leo. Ni Dodge Coronet ya 1966, milango miwili, siti moja ndefu mbele, rangi ya uji. Nimeendea nalo kazini kiwanda cha vioo miaka yote mpaka nilipostaafu, miguu nimeizungushia blanketi. Ukiliona limeegeshwa utadhani mwenyewe yuko kanisani anapanga maua.

Mwaka niliolinunua nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Masika yalipofika nikalipeleka Kettle Creek, uwanja wetu wa mbio za magari, mawili mawili, robo maili. Bwana wa langoni akainama dirishani, akanitazama, akasema, "Binti, wanawake ni jukwaani." Nikageuza gari. Baadaye waliwafungulia wanawake lango, lakini wakati huo mimi nilikuwa na watoto wawili na hasira isiyoisha. Nikaapa siendi kumbembeleza mtu.

Basi kiangazi kimoja, nikiwa nimeshastaafu, tukasikia shamba lenye uwanja ule limeuzwa, Kettle Creek inafungwa, watajenga maghala. Kungekuwa na siku moja ya mwisho, na jioni, kabla ya kuzima taa, yangekimbia magari ya misuli, yale ya nguvu za ajabu, peke yake. Usiku ule sikulala. Nilijiambia, Oleta, usipokimbia siku hiyo utakufa na kinyongo chako.

Tatizo, mwenyekiti wa kamati alikuwa nani? Verlin.

Nilimkuta langoni, kofia mpya kichwani, gari lake la rangi ya machungwa limeegeshwa nyuma yake: mistari myeusi, tundu la hewa kwenye boneti, bawa kwenye buti, na jina la gari ubavuni kwa herufi kubwa asije mtu akakosa kuliona.

"Shemeji, umepotea njia," akasema. "Maegesho ya watazamaji ni kule kwenye mahindi."

"Sikuja kutazama. Nimekuja kukimbia."

"Na hili?" Akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni, maana Verlin bila watu hawezi kuongea. "Jamani, hili ni gari la misuli? Mstari halina. Tundu halina. Rangi ya uji!"

"Uji unashibisha, Verlin. Mistari hata jokofu unaweza kulibandika. Limekuwa la misuli?"

Watu wakaangua kicheko. Kwetu ubishi huu ni wa kila siku, mtu anaweza kuacha soseji yake ipoe kwa ajili yake. Wengine wakaanza kupaza sauti: ni lazima liwe na jina, hapana, ni lazima liwe na gia ya mkono, hapana, kaa kimya wewe. Nikashuka nikaupiga mlango.

"Nisikilizeni. Gari la misuli ni gari la kawaida la mtu wa kawaida. Siyo dogo, siyo kubwa. Milango miwili, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Halafu unalitia injini ambayo ukubwa wake ni wa kukosa adabu, na bado mtu wa kiwandani aweze kulinunua. Hayo mengine ni vipodozi."

Nikafungua boneti. Ilijaa injini kutoka ukuta mpaka ukuta, huwezi kupitisha mkono. Foleni nzima ikasogea.

Trudy, binti anayekagua magari kabla hayajaingia, akaimulika kwa tochi. "Mama yangu wee," akasema.

"Aaa, subiri," Verlin akadakia. "Umesema mwenyewe, *unalitia*. Nani kalitia? Gari la misuli linazaliwa hivyo kiwandani, halipandikizwi. Wote tunajua marehemu Harlan alikuwa fundi. Alimchomekea mkewe injini, Mungu amrehemu. Zawadi nzuri. Lakini siyo gari la misuli."

Roho iliniuma, nasema ukweli. Mume wangu Harlan nilimpenda, lakini nilikutana naye gari likiwa na miaka mitatu. Ile injini niliiagiza mimi, nikiwa nimesimama dukani kwa viatu vya kazi, na muuzaji akaniuliza mara mbili kama baba yangu anajua. Sasa huyu, aliyekula mezani kwangu, anamgawia mtu mwingine injini yangu mbele ya watu wote. Nilitaka kumpiga na kofia yake. Halafu nikakumbuka bata mzinga.

"Sawa, shemeji," nikamwambia kwa upole. "Kabla sijaondoka, watu wamekaa juani muda mrefu. Wape kile kichekesho chako cha Krismasi."

Verlin na kichekesho, ni kumwonyesha mbuzi majani. Akaweka mikono kiunoni. "Jamani, mnamjua mtu aliyenunua gari jipya kabisa, hapa hapa Ohio, Januari, halafu akasema hita hataki? Redio hataki! Zulia hataki! Ni huyu hapa!"

Vijana wakacheka. Wale wakongwe wa foleni hawakucheka hata mmoja. Walikuwa wanalitazama gari langu.

"Bila hita?" Trudy akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu dukani!" Verlin alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. "Nilikuwepo siku alipolileta nyumbani! Nilipanda na Nadine, meno yalikuwa yanagongana mpaka…"

Akaligeukia gari langu.

"Mpaka nini, Verlin?" nikamuuliza.

"Mtu wa Ohio anaacha hita kwa sababu moja tu," Trudy akasema, akizima tochi yake. "Gari liwe jepesi likimbie. Na kila alichokiacha kilimsaidia kulipia injini. Hili limezaliwa kwa ajili ya hapa, na shahidi ni wewe mwenyewe, mwenyekiti." Akachukua chaki akaniandikia namba kwenye kioo. Kisha akamwambia Verlin, "Na wewe ulikosa mwenza wa kukimbia naye. Umempata. Ingieni."

Nilipita lile lango nikilia kama mtoto, sijali nani ananiona.

Tulizungusha matairi pale pale mpaka yakapata moto, moshi ukapanda. Nikasogea mpaka kwenye taa za kuanzia. Kushoto kwangu gari la rangi ya machungwa lilinguruma kama ng'ombe aliyekwama kwenye uzio. Njano, njano, njano, kijani! Verlin aliondoka mbele, kweli, alinipita urefu wa boneti nzima. Nikaingiza gia ya pili, uji ukaamka. Ya tatu, nikaona mlango wake. Nikaona sikio lake. Nikamwona anageuka kunitazama, na pale pale nikaingiza ya nne nikamwacha na bawa lake. Nilipiga kelele mpaka mwisho wa uwanja, na niliporudi jukwaa zima lilikuwa limesimama, Nadine mbele yao, anarusha kofia ya mumewe mwenyewe. Kimya kingi kina mshindo, jamani. Kinyongo changu nilikiacha pale kwenye lami, maghala yajengwe juu yake.

Krismasi ikafika. Bata mzinga akaletwa. Wajukuu wakamgeukia babu yao, wakisubiri. Verlin akatafuna polepole, akainua uma.

"Mnamjua mtu," akasema, "aliyenunua gari jipya kabisa, hapa hapa Ohio, Januari, halafu akasema hita hataki?"

"Bibi Oleta!" watoto wakaitikia.

"Ndiye. Aliliagiza mwenyewe." Akaushusha uma. "Na alinishinda mbio."

Hakuna aliyecheka. Kisha akainuka, akachukua blanketi la Nadine kwenye kochi, akajizungushia mabegani. Nje theluji ilikuwa inaanguka.

"Twende, shemeji," akasema. "Nipeleke mara moja tu, mpaka mwisho wa barabara."

Nikaomba viazi vyangu vifunikwe visipoe, nikachukua ufunguo.