Udongo wa Balozi

Mwaka ule mafuta ya gari yalipokuwa adimu kuliko ukweli, Mheshimiwa Balozi alihamia nyumbani kwetu Buyenzi na mizigo mitatu: bakuli la bati, gunia la mchanga kutoka Ulaya, na choo cha umeme. Balozi alikuwa paka. Natangulia kulisema hilo kwa sababu mtaa wetu ulichukua muda kulielewa.

Paka huyo alikuwa wa Armel, rafiki yangu wa bweni, mtoto wa Mutanga Nord, mtaa wa wenye nacho. Vita vilipozidi, familia yake nzima ikapanda ndege. Ndege ilikubali watu, haikukubali paka. Armel alinishika mkono mbele ya lango lao, kama mtu anayesaini mkataba wa amani.

"Moubarak, nikirudi nimukute."

"Utamukuta," nikasema. Mimi ni mtu wa mzaha, nimewahi kumweka chura ndani ya kofia ya msimamizi wa bweni, lakini neno hilo sikulitamka kwa mzaha.

Choo chenyewe kilikuwa beseni refu la plastiki, lenye reki na jicho dogo jekundu. Paka akiingia, jicho linamwona. Akitoka, mashine inasubiri kidogo kwa adabu, kisha reki inatembea juu ya mchanga, inakusanya uchafu na kuutia katika kisanduku chenye mfuniko. Baba mdogo Massoudi, ambaye ni fundi wa magari, aliiunganisha na betri ya gari, kwa kuwa umeme wa mtaa wetu ulikuja kama mgeni asiyebisha hodi na aliondoka vivyo hivyo. Watoto wa jirani walikuja kuitazama kama sinema. Sisi wenyewe tulikuwa na choo cha shimo.

Kisha mchanga wa Ulaya ukaisha. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka. Hata sukari ilipita kwa kujificha, sembuse mchanga wa paka. Balozi alikuwa amelelewa juu ya vigae, wala hakujua kwamba ardhi ya Mungu nayo yafaa. Alilizunguka beseni tupu, akatafakari, akaenda kujisaidia pembeni ya msala wa kuswalia wa Nyanya Zubeda.

Nyanya Zubeda ni mama yake baba, na ndiye serikali ya nyumba yetu. Hakuwa na neno na paka. Paka si najisi, alikuwa akisema, na alimwacha Balozi anywe katika kopo lake la udhu. Lakini kile alichokiacha pale kilikuwa najisi bila mjadala. Aliufua msala, akauanika, akaniita.

"We Moubarak. Mugeni wako akirudia mara moja tu, anaenda Ruziba kwa Akilimali."

Akilimali ni binamu yake anayekausha samaki kando ya ziwa. Kwa paka mwingine hiyo ingekuwa pepo. Balozi, hata hivyo, aliogopa samaki mwenye kichwa, na paka wa Ruziba wanaishi kwa kupigana. Armel asingemkuta.

"Nyanya, umupe muda kidogo."

"Muda iko. Choo ndiyo haiko."

Shule yetu ilikuwa imefungwa, kwa kuwa barabara ya kupanda kule milimani haikuwa na tabia nzuri mwaka ule. Basi nikapata nafasi ya kufanya utafiti. Nilianza na mchanga wa ziwa. Uliupitisha mkojo wote hadi chini, ukawa tope, na reki ikakwama humo kama lori msimu wa mvua. Vumbi la mbao la seremala lilikuwa jepesi mno: reki ililisukuma lote upande mmoja, likafunika lile jicho jekundu, mashine ikaamini paka bado yumo na ikamsubiri hadi jioni. Pumba za mpunga Balozi alizipenda sana. Alilala ndani yake. Majivu yalikuwa na matumaini, ila aliyabeba nyumba nzima, na nyayo zake za kijivu zilikoma karibu kabisa na msala. Nyanya alizitazama, akanitazama mimi, akaanza kuulizia ni nani ana safari ya Ruziba.

"Hii mashine haitaki kila muchanga," baba mdogo Massoudi akasema, amechuchumaa mbele yake kama mbele ya injini. "Inataka kitu inashikana ikilowa. Na isiwe unga. Unga itaingia mu moteri."

"Kitu kama nini, baba mudogo?"

"Kama watu wa garaji yangu. Wakavu, kila mutu na yake. Mvua ikinyesha, wote chini ya bati moja."

Mvua ndiyo iliyonijibu. Sokoni, bati la kibanda cha Mama Scholastique lilikuwa linavuja. Yeye huuza udongo mweupe, yale mabonge ambayo wajawazito hutafuna ili kichefuchefu kitulie. Matone yalikuwa yakidondokea chenga zilizobaki mezani, na kila zilipodondokewa zilishikana zikawa donge, huku za pembeni zikibaki kavu kana kwamba hazijui lolote. Nilijua fika udongo ule ni wa kina nani. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na paka tu.

"Mama, naomba ndoo nzima."

"Ndoo? Watu wanachukuaka bonge moja, mbili."

"Anatumia nyingi."

Mama Scholastique alinipima kuanzia ndala hadi nywele. "We uko na miaka ngapi, mutoto wangu?"

"Kumi na sita."

"Na yeye ni wa wapi?"

"Wa Mutanga Nord. Wenyewe walikimbia, wakamuacha kwangu."

Akaweka mkono mdomoni. Kisha akaijaza ndoo, akapachika na bonge kubwa juu. "Iyo ni zawadi yangu. Umwambie anywe maji mingi."

"Maji anaogopa," nikasema. Kila neno lilikuwa la kweli.

Nyumbani niliutwanga udongo katika kinu, nikauchekecha, nikatupa unga na kubakisha punje za ukubwa wa mchele uliovunjika. Balozi aliingia, akachimba, akafanya kazi yake, akatoka. Mashine ikasubiri. Reki ikaja na donge moja, zima, kama andazi, ikalitumbukiza kisandukuni, na nyuma yake punje zikabaki safi. Nilisimama wima kama tunavyosimamishwa bendera ikipanda.

Nyanya alichungulia. "Tutaona," akasema. Toka kwake, hiyo ni hotuba ya pongezi.

Kulikuwa na jambo moja tu. Debe la akiba nililolijaza leo, kesho lilikuwa limeshuka. Niliwashuku panya, nikamkaripia Balozi kwa uzembe kazini, nikarudi sokoni tena na tena. Mama Scholastique aliniuliza hali kwa sauti ya msibani.

"Anaendelea je?"

"Anakula vizuri. Ila anakwaruza watu."

"Ni hali. Itapita."

Siku moja baada ya alasiri, Mzee Twalibu wa msikitini aliingia uani na wazee wenzake wawili, kanzu zimepigwa pasi. Walikaribishwa, wakakaa, wakauliza habari za afya, za mvua, za bei ya mchele. Mwishowe Mzee Twalibu akakohoa.

"Zubeda dada yangu. Tunasikia iko binti ya watu mu nyumba hii. Wazazi walimuacha kwa huyu kijana. Na tunasikia udongo inaingia kwa ndoo. Hatukukuja kugombana. Tupange ndoa mbele mambo haijaonekana."

Nyanya aligeuza kichwa polepole, akanitazama.

"Yuko," nikasema. "Nimulete?"

Nikamleta, nimempakata. Wazee walimtazama, naye akawatazama.

"Huyu?" akauliza Mzee Twalibu.

"Huyu. Na udongo ni ya choo chake."

"Moubarak," Nyanya akasema, "kama ni michezo yako ya shule, wewe ndiye utaenda Ruziba. Onesha."

Tukaenda sote barazani, kwenye mashine. Asubuhi nilikuwa nimeliosha beseni, nikaliacha likauke. Nikafungua debe. Lilikuwa tupu. Punje za mwisho, kama sahani moja, nilizitia humo asubuhi ile ile.

Balozi akaruka kutoka mikononi mwangu. Alikwaruza plastiki kavu, akainua kichwa, akautazama mlango wa chumba ambamo msala mweupe ulikuwa bado umetandikwa. Nyanya naye akauona alikotazama. Balozi akaanza kutembea.

"Mungoje," ikasema sauti kutoka jikoni.

Alikuwa mama mdogo Saliha, mke wa Massoudi, mwanamke asiyepandisha sauti hata akiungua. Alibeba sahani iliyofunikwa kitambaa. Bila kumtazama mtu akaimimina ndani ya beseni: punje zangu zenyewe, safi, nilizozichekecha kwa jasho langu. Balozi alisikia mlio ule, akageuka. Aliingia, akachimba. Wazee watatu wakatazama ukuta kwa heshima. Akatoka. Mashine ikasubiri, reki ikatembea, donge likadumbukia, mfuniko ukafunga.

"Subhanallah," Mzee Twalibu akasema taratibu.

Nyanya hakuwa akiitazama mashine. Alikuwa akiitazama pembe ya mdomo wa Saliha, palipokuwa na alama nyeupe.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tatu, mama."

Kwetu mimba haitangazwi. Inaachwa mpaka ijitokeze yenyewe. Saliha angekwenda mara moja tu kwa Mama Scholastique, Buyenzi nzima ingejua kabla ya adhuhuri. Debe la Balozi halikuwa na mdomo.

"Ya paka inachekechwa vizuri," akasema, macho chini. "Haina mawe."

Wakati huo Massoudi akaingia, mikono imejaa grisi, akawakuta wote wamesimama mbele ya choo. Alimtazama mkewe, akaitazama sahani.

"Sasa ninaweza kusema?" akauliza. Kumbe alikuwa akimjua panya wangu siku zote.

Nyanya Zubeda alijifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akatoa hukumu. "Safari ya Ruziba hakuna. Mwenye kuleta habari ya mutoto hafukuzwi. Lakini kila mutu na debe yake." Mzee Twalibu alikuwa amekuja na fatiha tayari, na hakutaka kurudi nayo. Aliisoma kwa ajili ya Saliha, sote mikono juu, Balozi katikati yetu akijilamba.

Kesho yake nikaenda sokoni.

"Kumbe ni paka," akasema Mama Scholastique.

"Na mama mudogo."

"Na we?"

"Mi bado."

"Ubaki hivyo hivyo." Akajaza ndoo mbili.

Shule ilipofunguliwa, hofu yangu ilikuwa moja: nani atachekecha. Asubuhi ya safari nilipita uani na sanduku kichwani, nikamkuta Nyanya ameketi kwenye kigoda, chekecheke mkononi, unga mweupe hadi viwikoni. Balozi alikuwa amekaa mbele yake akisimamia.

"Usiniangalie vile," alikuwa akimwambia. "Ni kwa ajili ya Armel."