Aliyemnyoa Mke wa Kinyozi

Mke alifungua kilemba chake sebuleni taratibu, kama mtu anayefunua sufuria asijue kama chakula kimeungua. Kichwa kilikuwa kitupu, kimenyolewa hadi kinang'aa.

Mumewe alisimama mlangoni na bakuli la uji mkononi. Alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa kutajika mtaani, na macho ya kinyozi hayabishi hodi. Yalikwenda moja kwa moja nyuma ya sikio, pale ambapo kila fundi huacha alama yake bila kujua. Njia za wembe zilikuwa zimeelekea upande ambao mkono wa kulia hauwezi kuzipeleka. Ulikuwa mkono wa kushoto, na katika mtaa mzima ni mmoja tu aliyeshika wembe kwa mkono wa kushoto. Saluni yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, ikitazamana na ya kwake.

"Ni Mashoto," alisema.

"Uji utapoa," mkewe akajibu.

"Nimekuuliza."

"Hukuuliza, umesema. Ndiyo, ni Mashoto. Hakuwa na mteja."

"Na mimi nilikuwa na foleni ya kutoka wapi mpaka wapi?"

Mkewe alipokea bakuli, akanywa vijiko viwili, akafumba macho. Mazungumzo yakaishia hapo, lakini mwanamume yule alihisi kama aliyefumania.

Tangu waambiwe kwamba uvimbe wa kwenye titi ni saratani, kila mtu alijitwalia kipande chake cha ugonjwa ule. Daktari alichukua majina marefu. Muuguzi wa chumba cha dripu alichukua mkono. Alijua mshipa gani unakubali sindano na upi unakimbia, na mke akirudi nyumbani anamsifu mpaka sifa zinamwagika. Dada wa mke alihamia jikoni. "Shemeji, hebu toka," alikuwa akimwambia, "wewe hata maji utayaunguza." Kinyozi aliachiwa kubeba mkoba na kukaa kwenye benchi. Alimwonea wivu muuguzi, akamwonea wivu shemeji yake, na siku nyingine aliuonea wivu hata ugonjwa wenyewe, kwa kuwa ulikuwa ukilala karibu na mkewe kuliko yeye.

Kitu kimoja tu alijua hakuna wa kumnyang'anya. Daktari aliposema kwamba dawa zitaangusha nywele, mke aliinama, lakini yeye, Mungu amsamehe, moyo ulimruka kwa furaha. Alinunua wembe mpya, brashi laini, na poda isiyo na harufu kwa sababu harufu zilikuwa zikimtapisha mkewe. Kichwani mwake alishapanga kila kitu: kigoda karibu na dirisha, maji ya uvuguvugu, mkono wake chini ya kidevu cha mkewe. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, akakaa tayari kuitwa.

Hakuitwa.

Kesho yake saluni ilijaa mapema. Habari za mtaani zina miguu kuliko wenyewe.

"Fundi," alisema mteja aliyekuwa kitini, mtu mmoja mwenye mdomo usio na kufuli, "wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Sasa siku hizi na mkewe pia hamnyoi?"

Waliokuwa kwenye benchi walicheka, wakakumbuka kwamba mke ni mgonjwa, wakakohoa. Kinyozi alizima mashine, akaiweka juu ya meza, akatoka nje.

"Fundi! Unaniacha na nusu kichwa?"

Lakini fundi alikwisha vuka barabara.

Mashoto alikuwa akifuta kioo. Alimtazama kupitia kioo hichohicho, hakugeuka. "Karibu, jirani."

"Umemshika mke wangu kichwa."

"Nimemnyoa shemeji. Ulitaka nimnyoe bila kumshika kichwa?"

"Ungevuka barabara. Ungeniita."

"Aliniambia nisikuite."

Neno lile lilimwingia kinyozi kama wembe mkavu. Alikitazama kiti alichokalia mkewe. Kilikuwa kiti cha kawaida, sifongo limechungulia kwenye mpasuko wa ngozi, na hicho nacho akakionea wivu. Kisha akauliza lile lililomvusha barabara.

"Alilia?"

Mashoto aliacha kufuta. "Jirani, mtu akikaa kwenye kiti changu, kinachoanguka chini ni changu kufagia. Si changu kusimulia."

Basi alilia. Mtu ambaye hajaona kitu hasemi hivyo. Kinyozi alirudi kwake, akamalizia ile nusu ya kichwa, na mteja mwenye mdomo, kwa mara ya kwanza maishani, akanyamaza mpaka mwisho.

Mchana alifunga saluni, akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni. Shemeji mtu alimwona sura, akakumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua.

"Ulilia kwa Mashoto."

"Nililia, mpaka kamasi. Alinipa taulo."

"Machozi yako unampelekea mtu wa ng'ambo? Mimi niko hapa! Mimi ni nani wako?"

"Keti," mkewe alisema, na akasubiri mpaka alipoketi. "Siku ya majibu nililia. Unakumbuka ulifanya nini?"

Alikumbuka. Alilia kwa sauti kwenye ukumbi wa hospitali, mpaka watu wakamletea maji ya kunywa.

"Nikanyamaza ili nikubembeleze wewe. Halafu dripu ya kwanza, natapika, nimeshika ndoo, na wewe uko chini sakafuni unaniambia nisikuache. Nikakuahidi kwamba siendi popote. Mume wangu, mimi sijui kama siendi. Nimechoka kukuahidi kitu ambacho sina. Mashoto sikumwahidi lolote. Nililia, akanyoa, nikaondoka."

Wivu haukumtoka kinyozi. Ulihama kiti tu. Siku zote hizo alikuwa akimsaka mwizi wa machozi ya mkewe, akimshuku muuguzi, akimshuku jirani, na kumbe mwizi alikuwa akilala naye na kuamka naye ndani ya shati lake mwenyewe. Alitaka kuomba msamaha. Alipofungua mdomo, macho yakaanza kuwasha, na palepale akauona mkono wa mkewe ukiinuka, kwa mazoea, kuja kumpapasa begani.

Aliudaka mkono ule, akaurudisha taratibu kwenye mapaja ya mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Leo ni zamu yako."

Mkewe alimtazama kama anayejaribu ubaridi wa maji kwa kidole cha mguu. "Naiogopa dripu inayokuja," alisema.

Utapona, usiogope: maneno yalimfika kinyozi kwenye meno. Akayameza. "Niambie," alisema.

Akamwambia. Alimweleza baridi inayopanda mkononi dawa ikiingia, na kwamba usingizini huwa anajitafuta nywele. Katikati ya maneno akaanza kulia, si kilio cha kistaarabu, kile cha mabega. Kinyozi alikaa, amejikaza, meno yameuma midomo.

"Mbona umevimba mashavu?" mkewe aliuliza kwa sauti ya kamasi.

"Silii."

"Naona. Pumua basi, utapasuka."

Wakacheka wote wawili, kicheko kikampitia mkewe na kurudi kuwa kilio, na safari hii alikilaza kichwa chake kitupu juu ya bega la mumewe. Kilikuwa cha moto, laini, isipokuwa sehemu moja juu ya shingo iliyokwaruza kidogo. Kinyozi alivumilia. Alivumilia tena. Akashindwa.

"Huyu mtu ameacha vijinywele hapa nyuma."

"Wivu huo."

"Ni wivu, sikatai. Lakini na vijinywele vipo."

"Nyamaza kwanza," mkewe alisema, akijisogeza vizuri begani. "Sijamaliza kulia."

Akanyamaza.